Lugha Ndogo kwa Mashine za Mjomba

9 Februari

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo, na shikamoo nyingine ya akiba, maana ile ya barua iliyopita hukuijibu. Mimi sijambo. Mama ameniandikia kwamba kaka amepata mtoto wa tatu, wa kike, na tayari ukoo umegawanyika kuhusu kafanana na nani. Mama anadai pua ni yako. Nimemtumia mtoto salamu zangu za pole.

Mwezi uliopita nilikupigia simu mara nne. Mara tatu iliita mpaka ikakatika. Ya nne ulipokea, ukasema "haya, haya, vizuri" kwa kila nililosema, hata nilipokuuliza umekula nini. Nimeamua kurudi kwenye karatasi.

Sasa jambo lenyewe. Huu ni mwaka wa nne tangu nikuandikie programu ya mashine zako za kutotolesha vifaranga. Barua yako ya mwisho imeomba mashine ya bata iwe inapoza mayai kwa robo saa kila siku, kuanzia siku ya saba. Kwangu hiyo ni mistari miwili. Lakini programu hii imeandikwa kwa lugha ya kukompaili: nikigusa hata herufi moja, lazima niigeuze yote upya hapa kwangu ndipo kile kikompyuta chako cha ukutani kiielewe. Halafu naitia kwenye flashi, flashi kwenye bahasha, bahasha posta, kwa sababu mtandao umeukataa kabisa usiingie nyumbani kwako. Karibu wiki tatu njiani. Ikifika, hayo mayai yameshaanguliwa au yameshaoza.

Kwa hiyo nataka kupachika lugha ndogo ndani ya ile kubwa. Programu kubwa itabaki na kazi nzito: kusoma vipima joto, kuwasha feni, kuinamisha trei. Kanuni zenyewe, yaani siku gani joto kiasi gani, utaziandika wewe kwenye faili la kawaida la maandishi, na lugha ndogo itazisoma papo hapo. Hutanisubiri tena. Lugha za namna hiyo ni nyingi na sijachagua bado. Nitakuandikia nikishazipima.

Kazini pako sawa. Likizo ya mwaka huu sina hakika nayo.

Mpwa wako,
Bi Swali


4 Machi

Kwako Bi Swali, uliyenichosha kwa maswali ukiwa mdogo na sasa unanichosha kwa majibu,

Marahaba, na marahaba nyingine ya akiba ili usije ukanidai. Hapa tu wazima: mimi, mashine nne, na fundi cherehani wa ng'ambo ya barabara. Anakusalimu na anauliza kama huko uliko watu hushonewa nguo au zote wanazikuta zinaning'inia dukani zikiwa tayari. Nimemwambia ukija utamjibu mwenyewe. Picha ya mtoto nimeiona. Pua ni yangu, sikatai, lakini naye ataizoea.

Mambo ya simu yaache. Simu ni ya watu wenye haraka. Mimi nafuga mayai, na yai halina haraka na mtu.

Kuhusu hiyo lugha ya kupachika, sitaki. Mwaka wa thelathini na moja huu natotolesha vifaranga, nimekula chumvi nyingi, leo ndiyo nikae chini nifundishwe kusoma na mpwa? Tena tuseme nimejifunza. Kanuni naandika mwenyewe, bata napoza mwenyewe. Wewe utaniandikia kuhusu nini? Utabaki na "shikamoo Mjomba, mimi sijambo, kazi njema." Barua ya mistari mitatu nitaimaliza nikiwa nimesimama mlangoni. Hizi zako za kurasa mbili hunipeleka mpaka kitini, navaa miwani, nazisoma mara mbili.

Ila ukiifungua hiyo programu kwa sababu nyingine yoyote, king'ora kiongeze sauti. Kile cha sasa kinanong'ona. Na taa iwake pamoja nacho, nyekundu, kubwa, inayoonekana kutoka jikoni. Si kwamba nina shida. Napenda tu taa.

Tangu mke wangu aage dunia nyumba hii imekuwa kubwa bila mtu kuongeza tofali. Nimehamishia kiti changu kwenye chumba cha mashine. Kuna joto la kutosha.

Mjomba wako


29 Machi

Mjomba wangu,

Shikamoo. Mwambie fundi kwamba huku watu wote wamevaa nguo za saizi tatu, na wengi wetu tuko katikati ya saizi. Mwambie nina suruali mbili zinazomsubiri. Mama ni mzima, anasema kaka halali tena, mtoto analia kwa zamu na dada zake. Angalia nyuma ya bahasha, anwani imebadilika. Nimehamia chumba kingine, kidogo zaidi, ghorofa ya tatu. Dirisha linatazama ukuta lakini ni ukuta mweupe, kwa hiyo mwanga upo. Sababu ya kuhama si ya maana.

Umeniuliza nitakuandikia kuhusu nini. Swali hilo limenikaa kifuani, nakwambia ukweli. Lakini sitakubali mayai yaoze ili mimi na wewe tupate cha kuandikiana. Kwa hiyo nimeendelea, na utanisamehe.

Nilianza na Python. Ni lugha nzuri, ndiyo niliyozoea kazini, na wanaoijua hawana idadi. Tatizo ni kwamba ukiialika ndani ya programu nyingine inakuja na ukoo mzima, na kikompyuta chako cha ukutani kina nafasi kiduchu. Nyingine ilikuwa ya jamii ya Lisp, ndogo na safi, lakini imejaa mabano. Nilikufikiria na miwani yako, unahesabu mabano tisa yanayofunga mstari mmoja, ukisahau moja kanuni yote haisomeki. Nikaiacha.

Halafu kwa wiki nzima nilishawishika kutunga yetu wenyewe. Ingekuwa na maneno yetu: mashine, siku, poza, geuza. Niliifurahia hiyo kazi kuliko kitu chochote mwaka huu, nilikuwa nacheka peke yangu. Kisha nikaifuta. Lugha inayojulikana na watu wawili, mmoja akiondoka, yule wa pili hana wa kumuuliza. Sikutaka kukuachia kitu cha namna hiyo, na wala sikutaka kuachiwa.

Nimechagua Lua. Ni ndogo sana, na tangu mwanzo ilitengenezwa ili iishi ndani ya programu za wengine bila kuwasumbua. Ina maneno ishirini na mawili tu, na wewe utahitaji matano. Nimekuandikia hayo matano kwenye kadi, na maana zake. Nimeizungushia ukuta pia: ukikosea kuandika, programu kubwa inaiweka kanuni yako kando na kuendelea na joto la kawaida. Hutaweza kuharibu kitu.

Utaipenda kwa jambo moja. Inahesabu kuanzia moja, kama watu. Ile kubwa niliyotumia kuandika programu huhesabu kuanzia sifuri, na sisi tunaoitumia tumezoea hivyo mpaka hatuoni ajabu.

Na ukitaka kujiandikia neno ambalo mashine isilisome, anza mstari kwa vistari viwili. Mashine itauruka. Hapo ni mahali pa kujikumbusha kwa nini uliandika ulichoandika.

King'ora nimekiongeza mpaka mwisho. Taa nyekundu unaiamuru sasa, na ile ya nje ya nyumba pia, kwa kuwa fundi umeme alishaiunganisha zamani. Swichi ya mlango wa chumba cha mashine nayo inasomeka. Vitumie upendavyo. Kile king'ora cha zamani, ulikuwa hukisikii ukiwa wapi?

Bi Swali


3 Mei

Mwalimu mkali,

Marahaba. Flashi imefika ikiwa imepinda kidogo kwenye kona, posta wameikalia, lakini inafanya kazi. Fundi ameahidi kukupunguzia hizo suruali, ila anataka uje nazo ukiwa umezivaa, hapimi kwa barua.

Sasa sikiliza. Siku nne za kwanza nilikutukana kwa sauti. Siku ya tano nikabandika kadi yako ukutani, nikaandika kanuni moja, nikahifadhi, na ile taa nyekundu ikawaka. Mimi nimeiwasha! Nikaizima. Nikaiwasha. Nilimwita fundi kutoka kwenye cherehani yake aje aone. Akatazama, akasema, "Si taa tu hiyo?" Watu wengine hawana jicho la mambo.

Nimeandika kanuni mbili kamili. Mashine ya pili ni bata: poza robo saa kila siku kuanzia siku ya saba, simamisha trei siku ya ishirini na tano. Mashine ya tatu ni kuku: simamisha trei siku ya kumi na nane, ongeza unyevu, subiri waangue siku ya ishirini na moja. Ya kwanza na ya nne ziko tupu msimu huu. Kesho naingiza mayai, ya kuku tisini na sita, ya bata arobaini.

Hivyo vistari viwili navyo nimevipenda. Ni vizuri mtu kuwa na mahali pa kusema asijibiwe.

Umeniuliza kuhusu king'ora. Nilikuwa kwenye shughuli zangu.

Mjomba


31 Mei

Bi Swali,

Barua yako haijafika, na hii haiwezi kungoja. Natumai u mzima.

Kuku wameharibika. Katika mayai tisini na sita wametoka hai kumi na mmoja. Wengine walikuwa wameshatoboa gamba huku trei zikiendelea kuinama huku na huku, na hewa ilikuwa kavu, utando umewakaukia mwilini. Wengine hawakutoboa kabisa. Trei zilipaswa kusimama siku ya kumi na nane. Kanuni niliiandika hivyo. Nimeisoma mara ishirini na imeandikwa hivyo.

Unajua desturi yangu. Siku tatu za mwisho mlango wa mashine haufunguliwi, unyevu unatoroka, na kioo nakifunika kitambaa wawe gizani. Kwa hiyo sikuona. Siku ya ishirini na moja ikapita, nikasema wamechelewa kidogo, hutokea. Siku ya ishirini na mbili nikafungua.

Bata bado wapo, hao nimewasimamishia trei kwa mkono, sitaki kuiamini kanuni yangu tena. Nilikwambia sitaki shule. Kosa ni langu, mzee anayejifanya kijana. Nimekaa uani siku nzima nimeshika tama, na hakuna wa kumwambia ila wewe, nawe uko huko.

Mjomba


21 Juni

Mjomba wangu,

Shikamoo. Barua zako zote mbili ninazo. Mama ni mzima, watoto ni wazima, mimi pia. Bata wametoka? Niambie.

Kosa si lako. Kanuni yako niliiandika upya hapa kutoka kwenye barua yako, nikaijaribu, nikaliona kosa ndani ya dakika kumi, halafu nikashinda siku mbili bila kuweza kushika kalamu. Wewe unahesabu mashine kuanzia moja, na lugha ndogo pia. Programu yangu kubwa inahesabu kuanzia sifuri: kwake mashine yako ya kwanza ni sifuri, ya pili ni moja, ya tatu ni mbili. Mahali ambapo hizo lugha mbili zinapokezana, ilikuwa kazi yangu kupunguza moja. Sikupunguza. Uliposema "mashine ya pili" programu ikaipeleka kanuni ya bata kwenye mashine yako ya tatu, kwa kuku. Kanuni ya kuku ikaenda kwenye ya nne, isiyo na kitu. Trei za kuku zikaendelea kuinama kwa sababu zilidhani zimebeba bata. Nilikuandikia kwa majivuno kwamba hutaweza kuharibu kitu. Aliyeharibu ni mimi. Nisamehe, Mjomba. Flashi iliyosahihishwa imo humu, na nimeijaribu kwa mashine zote nne, moja baada ya nyingine.

Sasa lazima nikuulize, na usijifanye hamnazo. Kifaranga huanza kulia ndani ya yai siku nzima kabla ya kutoboa. Wewe ndiye uliyenisimamisha juu ya stuli nikiwa na miaka sita, ukaniambia nibandike sikio kwenye mbao za mashine. Kwako hakuna haja ya kuona, siku ya ishirini huwa unasikiliza. Na wakiwa tisini na sita, marehemu mkaza mjomba alikuwa akiwasikia kutoka jikoni. Hawa walilia siku mbili. Ulikuwa umekaa kwenye kiti chako, hatua tatu kutoka kwao.

Simu hupokei. King'ora kinanong'ona. Taa iwe kubwa. Nimeviweka pamoja hivi vitu, nami nina haya kwamba nimechelewa kuviweka pamoja. Masikio yako yakoje?

Nirudishie faili la kanuni kwenye flashi ya zamani, nilikague lote nisiache kosa jingine.

Bi Swali


13 Julai

Mpwa wangu,

Marahaba. Bata wametoka thelathini na wanne katika arobaini, wana kelele na uchafu wa kutosha, fundi amechukua wanne, na mmoja analala kwenye boksi la vitambaa vyake.

Nimekusoma kuhusu sifuri. Nilikaa nalo siku mbili. Mtu mwenye nyumba moja anasema ana nyumba ya sifuri? Anayekuja mbele ya wote kwenye foleni ni mtu wa sifuri? Ninyi watu mnahitaji kuombewa. Lakini nimekusamehe kabla sijamaliza kusoma, kwa hiyo usijitese. Mimi mwenyewe mwaka wangu wa kwanza niliwahi kupika mayai mia mbili kwa sababu nilisahau kufungua tundu la hewa. Mke wangu alininunia wiki moja, akanisamehe, na mimi nakupa wiki hiyohiyo bila kununa.

Kuhusu hilo jingine uliloliuliza, hali ya hewa hapa ni nzuri. Mvua imepungua.

Flashi ya zamani hii hapa, faili lote limo. Yale ya vistari viwili usiyasome. Si ya mashine na si yako.

Mjomba


6 Agosti

Mjomba wangu,

Shikamoo. Wote ni wazima. Mtoto wa kaka ameanza kucheka.

Nimeyasoma. Ungetaka nisiyasome ungeyafuta, na kufuta unajua, nilikufundisha mimi. Nakuandikia hapa machache ili ujue kwamba nimeyaona kweli.

Juu ya kanuni ya bata umeandika: "Alisema itakuwa rahisi. Ni rahisi. Nitamwambia ni ngumu ili aendelee kueleza."

Juu ya king'ora: "Hiki acha, hakinifai tena. Washa taa."

Juu ya mashine ya kwanza, isiyo na yai hata moja: "Feni iwake saa tisa alasiri, nusu saa. Mtetemo wake unapita sakafuni, naupata mguuni. Ni kama mke wangu anapita na viatu vyake."

Na ile ya mwisho, yenye tarehe ya siku mbili baada ya kuku kuharibika: "Mlango wa chumba usipofunguliwa tangu asubuhi mpaka saa kumi jioni, washa taa ya nje. Mchana taa hiyo haina kazi nyingine, fundi akiiona atajua aje. Ana ufunguo. Mayai yasiharibike."

Mayai yasiharibike. Hata mahali ambapo hakuna anayesoma ulishindwa kuandika kwamba ni kwa ajili yako. Nililia, Mjomba, na sioni sababu ya kukuficha hilo.

Nami nina la kusema. Kazini waliniachisha Januari. Barua ya Februari niliyokuandikia, ile iliyosema pako sawa, niliiandika wiki tatu baada ya kurudisha kadi ya mlango wa ofisi. Nimekuwa nikipata vibarua, programu ndogo hapa na pale kwa watu nisiowaona. Kazi ya kweli niliyokuwa nayo mwaka huu ni mashine zako. Ndiyo sababu niling'ang'ania kuzipima zile lugha zote. Kazi ya kukuchagulia ingenichukua siku tatu, nami niliivuta mpaka karibu miezi miwili. Wewe uliogopa kwamba ukishaweza kuandika mwenyewe sitakuwa na la kukuandikia. Mimi niliogopa kwamba ukishaweza, sitakuwa na kazi ya kuamkia. Mama hajui. Nilikataa kurudi mikono mitupu, ningesema nini.

Kanuni yako ya mlango nilitaka niikague kama nyingine. Kwa hiyo nilinunua swichi kama yako, nikaifunga kwenye mlango wa chumba changu, na taa ya mezani nikaiweka iwe ile ya nje. Nikaendelea na shughuli zangu, nisiifikirie, ili jaribio liwe la haki.

Haina kosa. Alhamisi saa kumi jioni taa ikawaka. Ijumaa ikawaka. Jumamosi ikawaka. Jumapili nilikuwa nimekaa kitandani naitazama kabla ya muda wake, nikijua kabisa kwamba mlango uko hatua nne na kwamba naweza kuinuka niufungue, na sikuona wa kumfungulia. Ikawaka. Jirani wa chini simjui jina na yeye hanijui. Hakuna mwenye ufunguo wangu. Niliinuka nikaizima mwenyewe.

Sijui nakuomba nini kwa barua hii. Nimekwambia tu.

Bi Swali


28 Agosti

Bi Swali,

Salamu utazikuta hapa.

Sikio la kushoto limekufa tangu mwaka juzi. La kulia linaondoka. Mke wangu alikuwa ananisikilizia kila kitu, watu mlangoni, maji jikoni, vifaranga, na wala sikujua ni kiasi gani mpaka alipoondoka. Nilidhani naficha kwako. Nilikuwa naficha kwangu.

Mama yako niachie mimi. Nitamwambia nimekuita kwa sababu nina kazi, na sitakuwa nimemdanganya. Mikono mitupu ndiyo ninayoitaka.

Tarehe kumi Septemba naingiza mayai ya bata, mashine ya pili. Nimehesabu: tarehe sita Oktoba wataanza kulia ndani ya mayai. Sitawasikia. Njoo uwasikilize uniambie.

Mjomba